Bahasha za Tumbo Moja

Huku kwetu ukitamka DNA, watu wanajua kuna baba anatafutwa. Ndiyo maana siku gari la watafiti lilipoingia Rudewa na habari ikaenea kwamba wamekuja kupima DNA, wanaume watatu wa mtaa wa mama yangu walipata safari za ghafla. Mmoja aliacha chai mezani. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikawaambia wake zao wawapigie simu warudi, maana hawa watu hawana haja nao hata kidogo. Hawa wanatafuta akina mama.

Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu iko Mikumi, napima malaria, sukari, mkojo, choo, na ninajua kuchukua sampuli bila kumtisha mtu. Ndiyo sababu watafiti walinichukua niwasaidie, na pia kwa kuwa ni mwenyeji. Kiongozi wao alikuwa dada mmoja kutoka chuo kikuu, mdogo kwangu kwa umri, mpole, mwenye kusema "tuseme" kila baada ya maneno matatu. Alinieleza kazi tukiwa tumekaa barazani kwenye nyumba ya wageni aliyofikia, malori ya barabara kuu yakitupigia kelele. Ndani ya seli, alisema, vinasaba vingi ni mchanganyiko wa baba na mama. Lakini kuna kipande kidogo kinachokaa pembeni, nje ya kiini, na hicho hutoka kwa mama peke yake. Mama humpa kila mtoto, wa kike na wa kiume. Wa kike atawapa wanawe. Wa kiume hampi mtu, kinaishia kwake. Kwa hiyo ukikisoma kipande hicho unamsoma mama, na mama wa mama, na mama wa mama wa mama, hadi huko ambako hakuna anayekumbuka jina. Baada ya vizazi vingi hutokea badiliko dogo, nalo hurithiwa, na kwa mabadiliko hayo wanajua akina mama gani walitoka shina moja, na wapi walitengana, na walihama kwenda wapi, kabla hata ya kuwapo mtu wa kuandika.

Nilikuwa nimeyasoma hayo chuoni na kuyasahau baada ya mtihani, kama watu wote. Lakini siku ile yaliniingia. Nikamwambia, "Mbona hivyo ndivyo sisi tunavyohesabu?"

Sisi ukoo wetu ni wa mama. Baba anakupa jina la kuandikisha shuleni, tena tunamheshimu, lakini ukoo hana wa kukupa, wake anaubeba mwenyewe mpaka kaburini. Mwenye neno juu yako ni mjomba. Makaburi unayoyafagia ni ya upande wa mama. Wageni wakituuliza mambo haya huwa tunaona wanatuhurumia, kama vile tumekosea kusoma ramani. Sasa hapa amekuja msomi na mashine zake, na mashine zinahesabu kama bibi zetu. Nilipanda gari kwenda kumwambia mama siku ileile, nikiwa na furaha ya kijinga.

Lazima nieleze mama alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye ulimi, na sikio la kushoto lilikuwa limeanza kugoma. Alilima mahindi na ufuta kwenye ardhi iliyokuwa ya katani zamani. Katika ukoo yeye ndiye aliyekuwa anataja. Kila mwaka kabla ya mvua tunakwenda kufagia makaburi, na mwanamke mkubwa kuliko wote anamwaga unga wa mtama na maji, huku akiyataja majina ya bibi zetu kuanzia yule wa kwanza aliyeshuka kutoka milimani. Majina kumi na mawili, kwa mfuatano, na ukiruka moja unaanza upya. La kumi na moja ni la bibi yake mama, la kumi na mbili ni la mama yake, yaani bibi yangu. Mama aliyataja bila kukata pumzi. Kando ya kaburi la bibi kulikuwa na nafasi, na kila mwaka mama aliing'olea magugu, akipiga kwa mkono na kusema, "Hapa pangu, msije mkampa mtu." Imani yake ya msikitini haikugombana na hayo. Alisema Mungu anawajua wote aliowaumba, kuwataja ni adabu tu.

Nilipomweleza kuhusu kile kipande cha mama, hakushangaa. Aliniuliza, "Kwa hiyo hao wasomi ndiyo wamejua leo?" Kisha akafunga kanga na kutoka. Mpaka jioni alikuwa amewakusanya wanawake tisa wa ukoo, dada zake wa kiukoo, ambao mimi nawaita mama wadogo. Kwa kuzaliwa hasa mama hakuwa na dada. Bibi alizaa msichana mmoja tu, na bibi mwenyewe alikuwa msichana pekee kwa mama yake. Mimi nami kwa mama niko peke yangu, na nimezaa wavulana wawili. Mstari wetu ulikuwa mwembamba hivyo, lakini nani aliyewahi kuhesabu? Wale wote walikuwa dada zake. Tumbo moja.

Siku ya kutema mate ilikuwa kama sherehe. Mtu anapaswa kujaza mate kichupa hadi kwenye alama, na hakuna jambo gumu kama kutema mate unapoambiwa uteme. Midomo ilikauka. Mama akawaambia wafikirie ukwaju. Mama mdogo mmoja, yule anayemfuata mama kwa umri, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kwaya, alisema yeye anafikiria mume wake wa kwanza na mate yanajaa yenyewe. Tukacheka. Mtafiti akawasomea fomu, neno kwa neno. Akawaambia wana haki ya kujitoa wakati wowote. Akawauliza kama wanataka majibu yao, wote wakasema ndiyo. Akasema pia, nami nikatafsiri kwa lugha ya nyumbani ili wakubwa waelewe vizuri, kwamba kipimo hiki hakijui ukoo wala kabila. Kinafuata mstari mmoja tu kati ya mistari maelfu iliyomfanya mtu. Waliitikia kwa vichwa. Mtu akiambiwa jambo ambalo hana wasiwasi nalo, hulisikia kwa heshima tu.

Ni mjomba peke yake aliyenuna. Mjomba huyu, kaka wa kiukoo wa mama, ndiye mkubwa wa ukoo, mrefu, mwenye kutembea na fimbo ambayo haihitaji. Alisimama pembeni akitazama vichupa vikipangwa kwenye boksi, kisha akasema, "Mnachokitafuta hamkijui. Yaacheni yalivyo." Mama alimjibu kwa utani wa kaka na dada kwamba ana wivu kwa sababu chake kinaishia kwake. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilicheka kuliko wote.

Majibu yalichukua muda mrefu, mvua zilipita na mavuno yakapita. Hatimaye yule dada mtafiti alifika Mikumi na kunikabidhi bahasha kumi, kila moja imeandikwa jina, zimefungwa. Akanisisitiza: kila mtu afungue yake peke yake, na mwenye swali apige simu. Nikasema sawa. Nilisema sawa nikimaanisha sawa.

Lakini nilipofika Rudewa mama alizitazama bahasha zile kama nimemletea tusi. "Kila mtu peke yake kwa nini? Ni barua za wapenzi?" Akasema tumbo halina siri, na kwamba Jumamosi tunafagia makaburi, basi tufungue kwanza, wote, halafu tukawaambie bibi zetu kwamba hata mashine imewajua. Wenzake wakaona ni neno zuri. Na kusema kweli, mimi pia nililiona zuri. Ningeweza kukataa, kwa kuwa nilikuwa nimevaa koti la kazi na kwa siku zile neno langu lilikuwa zito. Sikukataa. Nilitaka kuwapo siku ile. Nilitaka niwe mimi ninayesoma.

Jumamosi asubuhi walikaa kwenye mkeka uani kwa mama, kanga zimefuliwa, unga wa mtama uko kwenye ungo. Mjomba alikaa kwenye kiti karibu na mlango, kidevu juu ya fimbo. Mama alipanga utaratibu: mdogo aanze, mkubwa afunge. Nikachana bahasha ya kwanza. Ndani kulikuwa na maelezo ya kurasa mbili, na juu kabisa, ndani ya kisanduku, kundi la mtu: herufi na tarakimu zake. Nikasoma. Nikachana ya pili, ni ileile. Ya tatu ileile. Kufikia ya tano walikuwa wanaitikia kabla sijamaliza kusoma, kwa sauti moja, na mama mdogo mnene akaanza kupiga makofi ya kufuatisha. Ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa. Tisa zote zilikuwa moja. Ilikuwa raha ambayo sijui kuieleza. Ya kumi ilikuwa ya mama.

Sasa niseme hili, maana ndilo linaloniumiza. Maabara tuna desturi: mmoja anasoma majibu kwa sauti, mwenzake anaandika kwenye daftari. Unachokiona ndicho unachokitamka, hufikirii, kwa sababu ukianza kufikiri unakosea. Nimefanya hivyo kila siku ya kazi tangu nilipoajiriwa. Nilichana bahasha, jicho likaona, mdomo ukatamka. Herufi ya kwanza ilikuwa sawa na ya wenzake, na wakaanza kuitikia, lakini tarakimu zilizofuata zilikuwa nyingine, nami nikazisoma zote mpaka ya mwisho, kwa sauti safi ya kazini. Mama hakusoma sana shuleni. Wale wengine hakuna aliyekuwa karibu na ile karatasi. Ningetamka zile walizozizoea, karatasi ningeiweka mfukoni, na mpaka leo mama yangu angekuwa anataja. Ilihitaji uongo wa sekunde moja. Nimewahi kudanganya kwa mambo madogo kuliko hilo.

"Rudia," mama akasema, akinigeuzia sikio la kulia.

Nikarudia. Hata mara ya pili sikudanganya, kwa kuwa wote walikuwa wameshasikia.

Hakuna aliyepiga kelele. Mtu akisikia habari za namna hii anaweza kudhani palizuka ugomvi, lakini sisi si watu wa ugomvi wa wazi. Mama mdogo mnene alisema mashine nazo hukosea. Mwingine akasema labda walichanganya vichupa. Mimi nilijua havikuchanganywa, nilivibandika majina kwa mkono wangu. Mjomba aliinuka, akasema jua linapanda, twendeni. Tukaenda makaburini. Mama alitaja majina yake kumi na mawili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsikia akivuta pumzi katikati.

Jioni nilimpigia simu mtafiti. Kwa ajili ya sikio la mama niliweka sauti kubwa, hapo hapo barazani, na hilo ni kosa langu la pili. Mama aliuliza swali moja tu: yeye ni wa wapi? Yule dada alijitahidi sana. Alisema, tuseme, kundi lile limetawanyika. Linapatikana kwa wafugaji wa kaskazini, kwa watu wa maziwa makuu, kwa watu wa pwani, hata ng'ambo ya bahari. Haiwezekani kusema mtu mmoja alitoka wapi. Kisha akasema jambo ambalo alidhani litafariji, kwamba ukirudi nyuma sana, mistari yote miwili, wa mama na wa wale wenzake, inakutana kwa mama mmoja.

Mama alifikiri. "Huko nyuma sana," akasema, "nani anapafagia?"

Nilimshukuru yule dada, nikakata simu.

Katika maneno yote ya yule dada, lililovuka ua na kuzunguka mtaani lilikuwa moja: wafugaji. Mwaka ule ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mashamba upande wa bondeni, na watu walikuwa na hasira mpya juu ya hasira ya zamani. Familia za wafugaji tunaishi nazo, tunanunua maziwa kwao, watoto wanakaa dawati moja. Lakini mvua ikichelewa, neno hilo hubadilika ladha. Hakuna aliyemwita mama hivyo usoni. Waliacha tu kumuuliza mambo. Posa ilikuja kwenye ukoo, mama akaisikia baada ya mahari kupangwa. Mtoto alizaliwa, jina likachaguliwa bila yeye. Walimsalimia vizuri, shikamoo zote zilikuwa pale pale, tena za kuinama zaidi kuliko zamani, kama anavyosalimiwa mgeni wa heshima. Mimi nilikuja kila mwisho wa wiki na kuona, na sikuwa na mtu wa kumshika shati. Utamgombeza nani kwa kosa la kusalimia sana?

Siku moja mjomba alikuja Mikumi kupima sukari. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akaninyooshea kidole, na kabla sijamchoma akauliza, "Hii ikisema kitu, utaitangaza?"

"Mjomba, nisamehe."

"Choma."

Nikachoma. Alitazama tone lake la damu likinywewa na kile kipande cha kupimia, na huku ametazama hapo ndipo alipozungumza. Alisema mwaka mmoja wa njaa, zamani sana, watu walipita na mizigo yao wakielekea kusikojulikana, na msichana mdogo akabaki. Alikuwa hajaota meno ya pili. Palikuwa na bibi wa ukoo aliyekuwa amezika binti yake pekee. Akamchukua yule msichana, akamnyoa, akamwogesha mtoni, akamkalisha mapajani mbele ya wazee wote, na kumwita kwa jina la yule aliyekufa. Wazee wakaapa kwamba aliyezikwa hakuzikwa, amerudi. Atakayesema vinginevyo asizikwe pamoja nao. Msichana huyo ndiye jina la kumi na moja, bibi yake mama. Siri hiyo hupewa mjomba mkubwa peke yake, akikaribia kufa humwambia anayemfuata.

Nilihisi kifua kinafunguka. "Kwa hiyo mama ni wenu kwa kiapo! Basi waambie, mjomba. Itisha kikao useme."

Alitikisa kichwa. "Hujaelewa. Waliapa kutosema. Huko kutosema ndiko kulikomfanya wetu. Nikisema leo kwamba aliletwa akapokelewa, watakachoshika ni kwamba aliletwa."

"Na usiposema?"

"Nisiposema ndiyo haya unayoyaona."

"Sasa tufanye nini?"

Alifuta kidole kwa pamba, polepole. "Mimi nilisema myaache," akajibu. Akaniambia ameniambia mimi kwa sababu ni wa tumbo lile, nijue kwamba mama na bibi hawakumdanganya mtu, walikuwa hawajui. Akanikataza nisimwambie mama. Sukari yake ilikuwa juu. Nikamwandikia majibu kwenye karatasi, sikuyasoma kwa sauti.

Nimelala na siri hiyo upande huu na upande ule. Siku nyingine nilijiambia nitapanda gari, nitasimama katikati ya wanawake wale na kusema yote, liwalo na liwe. Kisha namwona mama amekaa palepale akisikia kwamba bibi yake, aliyemlea na kumfundisha yale majina, alikuwa mtoto wa barabarani aliyevishwa jina la maiti. Nami namwona mama mdogo mnene akitikisa kichwa kwa huruma, kwamba kumbe ni kweli. Kila nilipoigeuza ilikuwa na makali upande ule ule. Hata sasa ninaandika bila kumtaja mtu jina.

Mama naye alikuwa na mpango wake. Alikumbuka fomu. "Ile karatasi niliyotia dole gumba ilisema ninaweza kujitoa." Nikampigia mtafiti, naye alilia kidogo kwenye simu, akasema ni haki yake. Baada ya wiki mbili ukaja ujumbe: mate yameteketezwa, namba yake imeondolewa, majibu yake hayatakuwamo kwenye utafiti. Mama alinifanya niusome mara tatu. Kisha akasema twende.

Wenzake walikuwa kwa mama mdogo mnene, wanapukuchua mahindi. Mama alisimama, hakukubali kiti. Akaniambia nisome. Nikasoma ujumbe ule mbele ya wanawake tisa na rundo la magunzi, kwa Kiswahili chake cha ofisini, kwamba taarifa za mshiriki zimefutwa kikamilifu. Mama alikuwa anawatazama mmoja mmoja usoni. Alidhani, na mimi nilijua kwamba anadhani hivyo, kwamba kilichofutwa kwenye mashine kimefutwa.

"Haya dada," mama mdogo akasema. "Pole kwa usumbufu." Akachukua hindi jingine.

Tulikuwa tumekaribia nyumbani mama aliponiuliza. "Walisikia?"

"Walisikia, mama."

"Ulisoma vizuri?"

"Nilisoma vizuri."

Msimu wa kufagia ulipokaribia tena, nilichukua likizo nikaja kukaa naye. Alikuwa ametwanga mtama, amechekecha unga mara mbili, kama kila mwaka. Alhamisi mchana mama mdogo mnene akaja, peke yake. "Shikamoo dada." Mama akaitikia. Walizungumza juu ya mvua, na juu ya kuku wanaokufa, kisha mama mdogo akaangalia mikono yake. Akasema umri umekwenda, na magoti ya dada yamechoka, na wenzao wameonelea mwaka huu yeye amsaidie kutaja. Wiki ile ile mama alikuwa amelima nusu eka kwa magoti yale yale. Nilifungua mdomo. Mama alinitazama mara moja tu, nikaufunga.

"Kaa," mama akamwambia. "Majina unayajua?"

"Nayasikia kila mwaka, lakini nachanganya."

Basi mama akaanza kumfundisha. Walikaa kwenye mkeka, magoti yanagusana, mimi nikichambua mchele karibu na mlango ili nipate pa kuweka macho. Mama alikuwa mwalimu mzuri. Alitaja jina, mwenzake akarudia. Alimwonyesha wapi pa kuvuta pumzi na wapi pa kumwaga. Mama mdogo akikosea, mama hakukasirika, alisema "anza," na wanaanza. Waliyapanda majina moja baada ya jingine, la saba, la nane, la tisa. Walipofika la kumi mama mdogo alinyamaza. Alikuwa mtu mwema, nasema hivi baada ya yote, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Dada," akasema, "na hao wawili wa mwisho? Bibi yako na mama yako. Niwataje?"

Mama alisawazisha unga kwenye ungo kwa kiganja, taratibu, mpaka ukawa sawa kote.

"Waruke," akasema. "Utawachanganya wenzako."

Mama mdogo akafuta uso kwa ncha ya kanga, akavuta pumzi, akayarudia majina tangu mwanzo hadi la kumi, akaishia hapo. Mama akamwambia amepatia.